Fomu Iliyosema Nimeolewa Tena

Asifiwe Bwana, anayewainua waliochoka! Aleluya!

Ndugu zangu, mimi ni Robina. Wengi hapa mnaniita Mama Nambozo, yule fundi anayeshona sare za wanafunzi kule Nkoma. Mmenizoea kwenye benchi la nyuma, mwanamke anayetoka kabla ya sala ya mwisho ili asisalimiane na mtu. Leo nimekuja mbele kwa miguu yangu mwenyewe! Nasema Kiswahili ili ndugu zetu madereva wa Kenya wasikie pia. Na nyinyi wazee wangu ambao mkisikia Kiswahili mnakumbuka zamani kilipokuwa lugha ya askari, vizuizi vya barabarani na mtu mwenye bunduki akidai kitambulisho, naomba mnivumilie. Kiswahili changu ni cha kambini, lakini nilikipata kwa mume mpole.

Nitaeleza polepole. Jambo hili liliniumiza kwa sababu sikulielewa, na najua humu ndani wamo wanaoumia hivyohivyo.

Mume wangu Stefano alikuwa koplo. Tuliishi Jinja, katika nyumba za askari, upande wa Kimaka. Alipelekwa vitani kaskazini mara tatu. Mara mbili alirudi. Mara ya tatu lilirudi sanduku, na sajini mmoja aliyeshika kofia mkononi akishindwa kuniangalia usoni. Watoto wetu walikuwa watatu, na yule mdogo alikuwa bado ananyonya.

Tulimzika kwao, mlimani, juu ya mji huu wa Mbale. Hapa niwaeleze wageni desturi moja, maana habari yangu yote inasimama juu yake. Katika ukoo wa mume wangu, matanga yakiisha, nyumba ya marehemu haiachwi bila mwanamume. Wazee humchagua mtu, mara nyingi ndugu wa marehemu, wakamvika koti la marehemu na kumkalisha kitini mbele ya watu wote. Mjane na watoto huketi kando yake. Mtu huyo anaitwa mukuza. Kazi yake ni kulinda: shamba lisiporwe, watoto wasitawanywe, mjane asifukuzwe. Zamani, ni kweli, mukuza aliweza kumchukua na mjane mwenyewe. Siku hizi mwanamke akikataa, amekataa. Mimi nilikataa mbele ya wazee, na shemeji yangu Gidioni, aliyechaguliwa kuwa mukuza, akashusha pumzi kwa sauti mpaka watu wakacheka, maana mke wake alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni! Mpiga picha akatupiga picha tukiwa bado tunacheka. Gidioni kitini na koti la Stefano, mimi kando yake na gauni langu zuri la gomesi, watoto watatu miguuni petu.

Picha hiyo niliitunza. Ndiyo iliyokuja kunimaliza.

Nyumba ya kambini ni ya askari aliye hai, kwa hiyo tuliondoka Jinja. Nikapanga hapa Mbale, nikapata cherehani, na pensheni ya mjane ikawa inafika. Haikuwa nyingi, lakini ilikuwa na siku yake, na mtu mwenye siku ya kutegemea hulala. Vita vikaisha. Barabara za kaskazini zikafunguka, malori yakapita, watu wakarudi kujenga nyumba zilizoungua. Nami nikafikiri nimeshajenga yangu.

Kisha ofisi ya pensheni ya jeshi ikatutangazia uhakiki. Walisema kuna wajane walioolewa tena na bado wanapokea. Sheria ni hiyo: mjane akiolewa, pensheni inakoma. Sikuja hapa kuihukumu, nawaeleza tu ilivyo. Nikapanda basi hadi Jinja, nikapanga foleni, nikafika kwa karani kijana aliyekuwa na haraka. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Yeye alisoma, mimi nikajibu.

"Kichwa cha nyumba ni nani?"

Ndugu zangu, mwanamke aliyeolewa mlimani angejibu nini? Kujitaja mwenyewe ni kuutukana ukoo mzima. Ni kusema wale wazee walimvika mtu koti bure. Nikasema kwa heshima, "Gidioni, ndugu wa marehemu." Akaandika. Akaomba picha ya familia. Nikampa ile ya matanga, kwa kuwa ndiyo pekee yenye watoto wote. Nikatoka nimefurahi! Nikanunua chapati stendi, nikala peke yangu kama bibi harusi.

Miezi miwili baadaye barua ikaja. Ilisema malipo yangu yamesimamishwa, kwa sababu ninaishi na mwanamume kama mke wake. Uchunguzi ungefanyika. Mpaka uishe, nifike Jinja kila mwezi kutia sahihi, na ofisa angeweza kunitembelea nyumbani siku yoyote bila taarifa. Akikuta mwanamume anaishi humo, faili lingefungwa kabisa.

Gidioni! Mtu anayeshuka kutoka mlimani mara mbili kwa mwaka, akinywa chai yangu huku ameshika kofia, akiuliza watoto wanaendeleaje shuleni, kisha anakimbilia gari la mwisho kwa kumwogopa mkewe!

Nilipaswa kucheka. Sikucheka. Niliona aibu, na aibu haiulizi kama umekosa.

Woga haukunijia siku moja. Kwanza niliondoa viatu vya Stefano chini ya kitanda, viatu nilivyoviweka kwa kumbukumbu tu, nikavitupa shimoni. Kisha nikamkataza fundi wa paa asiingie, tukaenda msimu mzima wa mvua tukihamisha ndoo. Mchungaji alipokuja kututembelea nilizungumza naye mlangoni, mlango nikiushika kwa mguu. Mchungaji, uko hapa, nisamehe! Kila bodaboda iliyopunguza mwendo nje, moyo ulinipasuka. Nikaacha kula. Nikashona mkono wa shati mahali pa kola, na mwanafunzi akalirudisha akidhani ni mtindo mpya.

Ndipo baba yangu akaja. Baba ni mzee, anaishi kijijini huko ng'ambo ya Jinja. Alisafiri siku nzima na mkungu wa matoke ili awaone wajukuu. Akafika, akaweka fimbo ukutani, akakaa. Nami niliyatazama mabegi yake, nikaenda kuchungulia barabarani.

"Baba," nikasema, "huwezi kulala hapa."

"Kwa nini? Nyumba imejaa?"

"Wakija wakimkuta mwanaume, nimekwisha."

Akanigeukia. "Robina, tangu lini mimi nikawa mwanaume wa kuogopwa? Hata kuku wa mama yako hawaniogopi."

Hakunigombeza. Alichukua fimbo yake. Nilimpeleka mjini kwa Hajati, mama wa Kiislamu mwenye duka la vitambaa vya jumla ambako nanunua vitambaa vya sare. Baba yangu mzazi, mwenye mvi, alilala katika stoo ya watu kati ya majora ya vitambaa, kwa sababu ya binti yake. Kesho yake Hajati aliniambia, "Mzee amelala vizuri, alhamdulillahi. Wewe je, Mama Nambozo, umelala?" Nikamwambia ndiyo. Uongo mtupu.

Jambo baya kuliko yote, ndugu zangu, nililificha hata kwa Mungu: nilianza kuliamini faili. Nilijiuliza, huenda ni kweli? Huenda siku ile nilicheka sana nikiwa kando ya Gidioni? Huenda nilimsaliti Stefano na sikumbuki? Watu wakubwa wameandika na kugonga muhuri. Mimi ni nani niseme wamekosea?

Mwezi uliofuata nilifika getini Jinja kutia sahihi. Zamu ilikuwa ya askari wa kike, na daftari lilikuwa mezani kwake.

"Jina, mama?"

Nikafungua mdomo. Halikutoka.

"Mama, jina lako nani?"

Nikamwambia, "Sijui, afande. Faili linasema vingine."

Walio nyuma yangu wakaanza kunung'unika, na mmoja akasema, "Huyu amekunywa." Yule binti akawageukia: "Nyamazeni! Hamna mama nyumbani?" Akanipa kiti chake, akanipa maji, akanitolea kitambulisho changu mkobani akaandika jina mwenyewe, kisha akanisindikiza mpaka kwenye basi la Mbale. Sijui jina lake. Mungu anamjua, ambariki popote alipo!

Ndani ya basi lile nilipata wazo, na lilinijia kwa utulivu kama ushauri mzuri. Lilisema: watoto wako wangepata nafuu kama usingekuwepo. Yatima wa pande zote mbili haulizwi na mtu kama mama yake ameolewa. Nalitaja waziwazi kwa sababu yupo mtu hapa leo ambaye limemjia, naye anadhani ni hekima. Si hekima! Ni ugonjwa unaosema kwa sauti yako. Usikae nao peke yako hata saa moja.

Ashukuriwe Mungu, miguu yangu haikunipeleka nyumbani. Ilinipeleka kwa Hajati. Niliketi juu ya jora la kaki, nikamwambia lile wazo, neno kwa neno. Ilikuwa saa tisa alasiri, siku ya soko, wateja wamejaa mpaka barazani. Hajati alifunga duka! Mteja mmoja akalalamika, "Hajati, nimetoka mbali!" Naye akajibu, "Na huyu ametoka mbali kuliko wewe." Aliposema ananipeleka hospitali nikaanza kukataa, nikisema mimi ni mtu wa sala, hospitali ya wagonjwa wa akili si yangu. Akanishika mkono.

"Wewe sali upande wako, mimi nasali upande wangu. Lakini muuguzi ni mmoja. Twende."

Muuguzi yule alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu. Aliniuliza ninamwogopa nani. Nikasema wakaguzi.

"Wamekuja mara ngapi?"

Nikahesabu kichwani, na nikashangaa. "Hawajawahi kuja."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Basi umewaandalia chai mwaka mzima, na wao hata njia ya kwako hawaijui."

Ndugu zangu, nilicheka! Kicheko kidogo, kibovu, lakini kilikuwa changu. Akanieleza kwamba akili ni kama mgongo: ukiubebesha mzigo mchana na usiku bila kuutua, utauma, na kuuma huko si dhambi wala si laana. Akanipa dawa, akataka nirudi kila wiki. Nilirudi. Wale mnaosema mwamini akiugua akili ni kwa uchache wa imani, nawapenda, lakini mmekosea. Bwana aliyenipa sala ndiye aliyempa yule mama ujuzi wake. Nilimeza dawa nikisema amina!

Jumatano moja alasiri nikaja hapa kwenye sala za wanawake. Mama Mchungaji hakunipigia kelele wala kunitikisa. Aliuliza tu, "Tukuombee nini, dada?" Nilikuwa nimekusudia kuomba pensheni irudi. Mdomo wangu ukasema jambo lingine.

"Ombeni nisiiamini ile barua."

Wakapiga magoti, wanawake saba. Wakaomba. Na mimi, ambaye tangu barua ile sikuwa nimelia hata chozi, nililia. Nikamlilia Stefano kama mke anavyomlilia mume wake. Nikajua! Hakuna anayelia hivyo kwa mtu aliyemsaliti. Kifua changu kikafunguka kama kufuli ya zamani iliyotiwa mafuta. Nilirudi nyumbani, nikalala kabla ya giza kuingia, nikaamka jua limeshatoka, na wanangu wamesimama mlangoni wananitazama, wameogopa jinsi nilivyolala!

Sikilizeni vizuri. Asubuhi ile malipo yalikuwa bado yamesimamishwa. Faili lilikuwa bado lina uongo wake. Lakini nilimtumia baba ujumbe aje, na alipokuja alilala nyumbani kwangu, kitanda cha mbele, mlango wazi, akikoroma mpaka majirani wakajua kuna mwanamume! Bwana alinirudisha mimi kwanza, ndipo akanirudishia haki yangu. Aleluya!

Kisha nikapigana. Niliandika barua kuomba kusikilizwa. Nikampelekea habari Gidioni mlimani. Kumbe maskini hakujua lolote! Nilikuwa nimeona aibu kumwambia. Siku ya kusikilizwa alishuka na mwenyekiti wa ukoo, amevaa lilelile koti la Stefano, akidhani atasaidia. Na mke wake akaja, Mama Khainza. Hakualikwa. Alisema haiwezekani mume wake aolewe Jinja bila yeye kuwepo.

Tukaingia mbele ya kapteni. Mezani palikuwa na picha yangu. Akainyanyua.

"Mama, huyu ni nani aliyeketi na wewe?"

"Ni shemeji yangu, afande."

"Mmevaa vizuri, mnacheka, watoto wapo, watu wanapiga makofi nyuma. Hii si harusi?"

"Ni matanga, afande."

Kapteni akaigeuza picha, akaitazama tena. "Matanga gani ya kucheka hivi?"

Kabla sijajibu, Mama Khainza akasimama. "Afande bwana, samahani. Mwanaume huyu ni wangu. Hata mimi mwenyewe simpati nyumbani, kutwa yuko kwenye migomba na pombe ya kienyeji. Sasa huyu dada angempatia wapi?"

Gidioni akainamisha kichwa. Mwenyekiti wa ukoo akakohoa. Kapteni alijaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho. Ndipo mwenyekiti akaeleza mukuza ni nini, koti ni la nini, na kwamba mjane huyu alikataa kurithiwa mbele ya ukoo wote na ukoo ukakubali. Kapteni akanigeukia.

"Basi kwa nini uliandikisha jina lake kama kichwa cha nyumba?"

Nikamwomba Bwana kimoyomoyo, na nikaeleza. Nikamwambia kwetu swali hilo linauliza ni nani anailinda nyumba mbele ya ukoo, wala haliulizi ni nani analala humo. Nilijibu swali la kwetu, na wao waliandika jibu la kwao. Hakuna aliyesema uongo, lakini mimi peke yangu ndiye niliyeadhibiwa.

Kapteni akalivuta faili karibu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na kwa swali letu sisi, mama? Anayelisha, anayelipa kodi ya nyumba, anayeamka mtoto akiugua? Nani?"

Nilimtazama Gidioni, kwa maana sikutaka kumvunjia heshima. Shemeji yangu akasema, "Sema, shemeji. Ni kweli yako."

"Ni mimi, afande. Andika Robina."

Akaandika! Kwa kalamu yake, mbele ya macho yangu! Akamwita yule karani kijana mwenye haraka, akamwambia, "Keti hapa, mama huyu akufundishe mukuza ni nini, maana mafaili kama hili lazima yapo mengine." Mwanamke ambaye alishindwa kutaja jina lake getini, alikaa kitini ofisini akamfundisha karani wa serikali! Nani angefanya hivyo kama si Mungu?

Barua ya pili ilikuja. Pensheni ikarudishwa, pamoja na yote iliyozuiwa. Paa limetengenezwa. Dawa nilizimeza mpaka muuguzi mwenyewe aliposema basi, na bado namtembelea, kwa kuwa tumekuwa marafiki. Na yale mafaili mengine yalikuwepo kweli. Wajane wanne wa milima hii walikuwa wamesimamishwa kwa koti lilelile la matanga. Mmoja alikuwa haongei tena na mtu yeyote. Nimeketi naye mara nyingi, sisemi mengi, nashona tu kando yake. Wiki iliyopita aliniomba uzi. Mpigieni Bwana makofi!

Namshukuru Mungu. Nakushukuru Hajati, uliyekubali kuja kukaa kanisani leo na mtandio wako, ili tu unisikie. Nawashukuru wale wanawake saba.

Na sasa nasema nawe, ndugu yangu uliye hapa, wewe uliyeandikiwa kwamba hustahili, au umefutwa, au kwamba wewe si yule unayejitaja. Huenda umeikunja hiyo karatasi umeiweka kifuani, na inakuunguza. Mtegemee Bwana, hajaisaini yeye! Nyanyuka, njoo mbele, tukuombee. Na sala ikiisha usikimbie. Lile benchi la kwanza pale dirishani lina mwanga mzuri. Tutaketi hapo wewe na mimi, tuifungue barua yako, tuisome pamoja mstari kwa mstari.